Wazee wa gatini: namna ya kuaga bila kuua mtu

(Hotuba kwa waandishi wa michezo ya kuchekesha, Dar es Salaam)

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii ya kuchekesha watu, dada zangu, kaka zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya kumaliza mchezo. Nadhani waliopanga ratiba wananifahamu, maana mimi ndiye niliyeua watu kumi na mmoja kwa basi moja.

Wa umri wangu mnakumbuka. Kwa wengine nieleze. Miaka hiyo nilikuwa naandika mchezo wa kila wiki kwa kituo kimoja cha televisheni. Ulikuwa unahusu nyumba ya kupanga Magomeni: mwenye nyumba bahili, mpangaji asiyelipa kodi, binti wa chapati, na mzee mstaafu wa reli ambaye kila siku alisimulia habari ileile ya treni iliyoacha njia. Tulikwenda misimu mitatu. Alhamisi moja nikaitwa ofisini nikaambiwa mdhamini kajitoa, sehemu ya wiki ijayo ndiyo ya mwisho, nitafute namna. Nikatoka pale na hasira. Nikafika nyumbani, nikawapakia wahusika wangu wote kwenye basi la kwenda harusini Morogoro, na basi likapinduka. Mlio wa breki, giza kwenye skrini, majina ya waigizaji, kwaheri.

Siku mbili baadaye nikaenda sokoni kununua nyanya. Mama ninayenunua kwake siku zote akanipangia fungu langu bila kunitazama usoni. Nikamwuliza, mama, kulikoni leo? Akakunja mfuko taratibu, akaufunga fundo, ndipo akasema: "Yule mzee wa reli alikukosea nini?" Nikamwambia, mama, yule ni wa kuigiza tu. Akasema, "Najua ni wa kuigiza. Nakuuliza alikukosea nini."

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani na kufungua mfuko, nyanya mbili zilikuwa zimeoza, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Kwa hiyo leo sitazungumzia mchezo wangu. Nimekuja na mchezo wa Waingereza, na ndani yake nimechagua sehemu moja tu, ya mwisho kabisa, iliyorushwa na BBC Jumapili tarehe 13 Novemba 1977. Mchezo unaitwa Dad's Army, jeshi la akina baba kama tungesema sisi. Sehemu yenyewe inaitwa Never Too Old, yaani uzee si kizuizi. Ulianza tarehe 31 Julai 1968, ukadumu misimu tisa na sehemu themanini, na miaka yake ya neema mwanzoni mwa sabini watazamaji walifika milioni kumi na nane kwa usiku mmoja. Waliouandika ni wawili, Jimmy Perry na David Croft, na Croft ndiye pia aliyekuwa mtayarishaji.

Kabla ya kufika kwenye mwisho, lazima niwaambie hawa wazee ni akina nani, na hapo tafsiri imenitesa. Kwa Kiingereza waliitwa Home Guard. Ndugu zangu mliotoka Kenya, najua mkisikia jina hilo mnachofikiria. Homgadi kwenu ni yule aliyesimama upande wa mkoloni wakati wa Mau Mau, na hayo ni mambo ambayo katika nyumba nyingine hayajapoa mpaka leo. Jina ni lilelile, serikali ya kikoloni ililitumia tena miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia, lakini watu ni wengine. Naomba tuliweke pembeni kwa leo. Mimi nitasema mgambo. Na nikisema mgambo, Watanzania nanyi msinifikirie wale wa jiji wanaobeba meza za wamachinga. Namaanisha mgambo wa asili: mtu mwenye kazi yake ya mchana, ambaye jioni anavua aproni, anavaa sare na kwenda kujifunza kulenga shabaha.

Ilikuwa Mei 1940. Majeshi ya Hitler yalikuwa yameshaingia Uholanzi na Ubelgiji na yanaifuata Ufaransa, na Waingereza waliamini zamu yao ni ya kesho au keshokutwa. Jioni ya tarehe 14 waziri wa vita, Anthony Eden, akazungumza redioni akiomba wanaume wa umri wa miaka 17 hadi 65 wasiokuwa jeshini wajitolee kulinda maeneo yao. Ndani ya wiki moja walijiandikisha kiasi cha robo milioni. Kufikia mwisho wa Julai walikuwa wamevuka milioni moja. Wa kuwapa sare hakuna, wa kuwapa bunduki hakuna. Walikuja na bunduki za kuwindia sungura, wengine na vijiti vya ufagio. Na mwaka 1941 serikali, baada ya Churchill kusema kila mtu awe na silaha ya namna yoyote, iliagiza mabomba ya chuma yaliyochomelewa singe kwenye ncha. Mikuki, jamani. Uingereza, mwaka 1941, inaagiza mikuki 250,000 kwa ajili ya mgambo wake. Wengi walipoiona waliichukulia kama matusi.

Basi mchekeshaji ukipewa habari hiyo, nusu ya kazi imeshafanyika. Tena Jimmy Perry hakuhitaji kupewa, kwa sababu alikuwemo. Alikuwa kijana wa Watford, kaskazini mwa London, akajiunga na mgambo kabla hajaitwa jeshini, na katika kikosi chake kulikuwa na koplo mzee aliyepigana Sudan chini ya jenerali Kitchener. Mzee yule ndiye aliyezaa Koplo Jones. Na kutoka kwake mwenyewe Perry akamchora Praiveti Pike, kijana wa benki, mtoto wa mama, ambaye mama yake hamruhusu kwenda kupambana na Hitler bila kuvaa skafu shingoni.

Mji wao ni wa kubuni, Walmington-on-Sea, pwani ya kusini, mahali ambapo Mjerumani akivuka maji angeshukia. Kapteni ni George Mainwaring, meneja wa benki. Wanaandika Mainwaring na kutamka Manaring, msiniulize kwa nini. Mfupi, mnene, anajisikia, ana woga wa kudharauliwa, na kwa kweli hajawahi kupigana: alifika Ufaransa mwaka 1919, vita vya kwanza vikiwa vimekwisha. Chini yake yupo Sajenti Wilson, ambaye pia ni karani wake benki, mtu wa ukoo na shule za ghali, anayetoa amri kama anayekaribisha wageni: samahani, sijui kama mngependa kujipanga mistari. Koplo Jones ni mwuza nyama. Frazer ni Mskoti mtengeneza majeneza, ambaye kila habari kwake ni msiba. Walker ni mlanguzi. Wale mliokuwepo miaka ya themanini hapa kwetu hamhitaji maelezo zaidi. Godfrey ni mzee mpole ambaye vita vyote vikisubiri yeye anaomba ruhusa aende msalani. Halafu kuna Hodges, mwuza mboga, aliyepewa kofia ya chuma asimamie watu wazime taa wakati wa mabomu, na kofia ile imempanda kichwani kwa maana zote mbili. Anamwita Mainwaring Napoleon.

Wakuu wa BBC waliogopa. Mwaka 1968 vita vilikuwa na miaka 23 tu tangu viishe, na wajane walikuwa hai. Walisema, hivi hatutaonekana tunawacheka waliojitoa? Mpaka picha za kufungulia mchezo zikabadilishwa, maana awali waliweka picha za kweli za wakimbizi na za majeshi ya Kijerumani, na mkuu mmoja akakataa kuona mateso ya watu yakitangulia kicheko. Sehemu ya kwanza ikafunguliwa kwa kipande kifupi cha mwaka 1968 wenyewe, Mainwaring amezeeka, yuko kwenye hafla, anakumbuka. Kwa hiyo tangu dakika ya kwanza tuliambiwa: huyu bwana atapona. Mwandishi aliyewafungulia watazamaji mlango wa mwisho siku ya kwanza, kwa nini asubiriwe miaka tisa? Hilo liwekeni akilini.

Sasa tuingie kwenye sehemu yenyewe.

Koplo Jones anachelewa chelewa, anakosea kazi, macho yako mbali. Kumbe kapenda. Umri kapita sabini, na amemchagua Bibi Fox, mama mchangamfu, mwili umejaa, kicheko kimejaa. Kwa taratibu za jeshi anakwenda kumwomba Kapteni wake ruhusa ya kuoa. Mainwaring hajui aweke wapi uso. Anaongea na Jones, anaongea na Bibi Fox, anazunguka maneno kama mshenga aliyesahau alichotumwa, na mwisho wake ni yeye anayeombwa amkabidhi bibi harusi kanisani mahali pa baba. Mainwaring, ambaye mke wake hatukumwona hata siku moja kwa sehemu themanini. Tulisikia simu zake tu, na mara moja tukaona kitanda cha juu kimebonyea kwa uzito wake.

Harusini Wilson anakuja amevaa sare yake ya vita vya kwanza, na sare hiyo ni ya kapteni. Tafakarini kidogo. Miaka yote hiyo Mainwaring amekuwa akimwamuru, akimnyamazisha mbele ya askari, akijivunia cheo mbele yake, na mwenzake alikuwa na cheo kilekile tena cha vitani kwelikweli, ila hakuona haja ya kukisema. Waandishi walikaa na silaha hiyo mfukoni. Wangeweza kuitumia msimu wa pili wakapata sehemu tano za ugomvi. Wameitoa siku ya harusi, dakika moja, imepita. Mimi ningeikamua mpaka ikauke.

Karamu inaendelea, simu inalia. Makao makuu yanasema adui huenda anakuja usiku huu, kila kikosi kishike zamu. Bwana harusi badala ya kwenda na mkewe anapangiwa lindo mwisho wa gati pamoja na Pike. Lile gati si la kushushia mizigo kama letu. Ni jukwaa refu linaloingia baharini, la watu kutembelea na kupunga upepo. Usiku, baridi, bahari nyeusi, mzee wa miaka sabini na kijana wa benki wanamsubiri Hitler. Wenzao hawakustahimili kumwacha peke yake usiku wa harusi yake, wakamfuata na chupa. Mainwaring, Wilson, Frazer, Godfrey.

Hapo ndipo anapoingia Hodges na habari kwamba tahadhari ilikuwa ya uongo. Na kwa kuwa Hodges ni Hodges, hawezi kuleta habari na kuondoka. Anawacheka. Wazee hawa wangefanya nini mbele ya askari wa kweli? Anasema na kwenda zake.

Tumewacheka wazee hawa kwa misimu tisa, na hoja ya Hodges ndiyo ileile iliyotufanya tucheke. Tofauti ni kwamba safari hii imesemwa wazi, kwa sauti, na wao wameisikia. Halafu Pike, mdogo kuliko wote, anauliza kile ambacho hakuna mwingine pale angeweza kukiuliza: Mzee Mainwaring, yule bwana hakusema kweli, sivyo? Kwamba Wajerumani wangetupita hivi hivi?

Waandishi wenzangu, swali hilo halina jibu. Historia yenyewe haikulijibu. Wajerumani hawakuja. Mgambo wale walilinda madaraja, vituo vya reli na fukwe usiku baada ya usiku, zaidi ya 1,200 kati yao walikufa kazini au kwa majeraha, lakini mtihani waliojiandalia haukuletwa. Tarehe 3 Desemba 1944 wakafanya gwaride la kuagwa London mbele ya Mfalme, wakarudisha bunduki, wakarudi kuuza nyama. Mzee aliyerudi kutoka vitani anajua alikuwa nani siku ile. Hawa walizeeka hawajui.

Na mwandishi mwenye tamaa angewapa jibu. Angalia milango miwili iliyokuwa wazi. Mmoja ni ule wa gwaride la 1944: muziki, bendera, machozi, wazee wanavua sare, kila mtu anakwenda kwake. Historia imeshauandika, wewe unanakili tu. Mlango wa pili ni kuwaleta Wajerumani. Boti moja tu, kumi tu, wazee wawakamate, tushangilie. Mimi ningeingia mlango wa pili, na kama mdhamini angenichefua ningewazamisha wazee wote pamoja na gati. Perry na Croft hawakuingia wowote. Wakawaacha palepale kwenye kusubiri, vita havijaisha, kesho asubuhi benki itafunguliwa na Jones atakata nyama.

Jibu la Mainwaring ni la mtu asiyekuwa na ushahidi. Anamwambia kijana kwamba Hodges hajui asemalo. Anayetaka kuwanyang'anya nyumba zao na uhuru wao atajua wanaweza nini. Na hawako peke yao, wako maelfu kama wao Uingereza yote. Frazer anadakia, na Uskoti. Ndiyo, na Uskoti. Mnaona kazi hiyo? Katikati ya maneno mazito kuliko yote katika miaka tisa wameacha kichekesho kimoja kidogo, na ni cha Frazer kabisa, hakikuokotwa nje. Nimewahi kuambiwa na mtayarishaji kwamba sehemu ya huzuni lazima uisafishe, utoe vichekesho vyote. Mimi naona ukivitoa vyote wanakuja watu wengine mahali pa wale tuliowazoea.

Ndipo Wilson, kwa adabu yake ileile, anapendekeza pengine lingekuwa jambo jema kuwanywea wenzao hao kwa heshima. Mainwaring anasema kwa mara hii moja anakubaliana naye. Wanainua vikombe. Na wanageuka. Kwa miaka tisa wametazamana wao kwa wao. Sasa wanatazama kamera, sote tuliokaa sebuleni, na wanawanywea mgambo wa Uingereza. Hakuna utani. Mchezo umekwisha.

Siku ilikuwa Jumapili ya Kumbukumbu, ile siku Waingereza wanavaa ua jekundu kifuani na kuwanyamazia waliokufa vitani. Asubuhi taifa lilisimama kimya, jioni likakaa kutazama harusi ya mwuza nyama. Nasi tuna wetu. Wengi wenu asubuhi hii mmepita Mtaa wa Samora, mkazunguka ile sanamu ya Askari iliyosimama pale tangu 1927 na hamkuitazama, nami sikuitazama. Na waliokwenda baadaye, wale wa Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, waliopelekwa mpaka Burma mwaka 1944, wengi hawakupata hata kichekesho. Jimmy Perry mwenyewe alipotoka mgambo alipelekwa huko huko Mashariki, India na Burma, na mzinga wake. Sijui nifanye nini na habari hiyo hapa, ila naiacha mezani kwa kijana yeyote anayetafuta cha kuandika.

Kuna jambo moja la waigizaji, halafu nitakaa. Tunasema wahusika, lakini kule mwisho wa gati mstari kati ya mwigizaji na mhusika ulikuwa umeshafifia. Godfrey aliigizwa na Arnold Ridley. Siku ile ya 1977 alikuwa na umri wa miaka 81. Mwaka 1916 kwenye mapambano ya Somme, Ufaransa, alijeruhiwa vibaya, akarudishwa nyumbani. Vita vya pili vilipoanza akaenda tena Ufaransa akiwa na zaidi ya miaka arobaini, akarudi akiwa ameharibika afya, akajiunga na mgambo. Mgambo wa kweli. Yule mzee wa kuomba ruhusa ya kwenda msalani! Na katika mchezo walimpa haki yake mapema, mwaka 1969, ilipogundulika kwamba Godfrey wakati wa vita vya kwanza alikataa kushika silaha, wenzake wakamtenga, mpaka wakaiona picha yake ukutani akiwa na nishani: alikuwa mbeba majeruhi, akawafuata waliolala katikati ya risasi. Hakuwa amemwambia mtu. John Laurie, Frazer wetu, naye alipigana vita vya kwanza na kuwa mgambo katika vya pili. Kinyume chake Clive Dunn, aliyekuwa Jones mzee kuliko wote, alikuwa na miaka 57 tu, mdogo kwa Mainwaring wake. Ila vita vya pili alikaa mateka wa Wajerumani kwa miaka minne. Kwa hiyo vikombe vile vilipoinuliwa, mikono mingine ilikuwa inajua inachokiinulia.

Na mikono mingine haikuwepo. James Beck, yule mlanguzi Walker, alifariki Agosti 1973 akiwa na miaka 44, msimu wa sita ukiwa bado unarekodiwa. Mnajua walimwondoaje? Kikosi kinajipanga, mahali pake pako wazi, na pale sakafuni aliposimama siku zote kuna karatasi: kaenda mjini kwa biashara yake siku kadhaa. Basi. Walker hakufa. Yuko London anauza kitu kilichoibiwa, na kwa ninavyojua mimi yuko huko mpaka leo. Hawakumtafuta mwigizaji mwingine wakamvika kofia yake, kama tunavyofanya sisi hapa na kutegemea watu hawataona. Mwaka huo wa mwisho, kabla sehemu hazijarushwa, akafa Edward Sinclair, mtunza kanisa wao aliyekuwa mbea asiyekauka. Watazamaji walimwona harusini akiwa ameshazikwa.

Sasa mtasema, mzee, hao walikuwa na muda wa kupanga, sisi tunaambiwa Alhamisi. Ni kweli. Michezo yetu mingi haifi, inapotea. Jumanne unawasha televisheni unakuta matangazo ya sabuni. Vitimbi ya Kenya ilikaa kwenye skrini miaka na miaka, na Mzee Ojwang alipofariki mwaka 2015 watu walilia kama wamefiwa na baba mdogo. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba mtu wa kuigiza anaweza kuliliwa. Kwa hiyo si kwamba watazamaji wetu hawaagi. Sisi ndio hatuwapi nafasi.

Nikiambiwa leo Alhamisi kwamba wiki ijayo ni ya mwisho, najua nitakachofanya. Sitamwita dereva wa basi. Nitawaacha wote pale pale Magomeni, umeme umekatika, wamekaa kibarazani. Mwenye nyumba bahili atatoa mshumaa, mmoja. Na yule binti wa chapati, mdogo kuliko wote, atamwuliza mzee wa reli: babu, ile treni kweli iliacha njia, au unatudanganya? Hapo sijajua bado mzee atajibu nini. Nimeliandika jibu mara saba, nikalifuta mara saba.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeleta dakika chache za mwisho za ule usiku wa gatini. Wakati Mainwaring anazungumza msimtazame yeye, mtazameni Pike. Fundi, mtambo uko tayari? Zima taa za nyuma kwanza, hizi za mbele ziache kidogo nipate kushuka jukwaani bila kuanguka. Haya.